Nyuzi Tumboni mwa Krismasi

Baada ya kumzika shangazi tulikaa uani kugawana vitu vyake, na vitu vyenyewe havikuwa vingi. Kitanda alipewa binamu yangu, sufuria zikaenda kwa mke wa binamu, na mimi niliyemuuguza hadi mwisho nikapewa kikapu chake kikubwa chenye kifuniko. Nilipokifunua, harufu ikanipiga puani. Ilikuwa harufu chachu, ya kitu kilichooza zamani kikakauka, na yeyote aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge anaijua. Chini kabisa, likiwa limefungwa kwa leso, kulikuwa na donge la nyuzi, gumu, jepesi, la rangi ya chai ya rangi, kubwa kama nazi iliyofuliwa. Mwanangu mdogo alininyang'anya, akaliangusha chini, akalipiga teke kama mpira. Nikamzaba kofi. Watu waliokuwa wakinywa chai waligeuka wote. Mimi si mama wa kupiga watoto matangani, lakini siku hiyo mkono ulitangulia.

"Muache mtoto," baba akasema kutoka kwenye kiti chake. "Lete hapa hiyo kitu."

Nililiokota nikampelekea. Baba alilipokea kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto umepinda tangu zamani na haushiki kitu kizito. Akaligeuzageuza, akalinusa, akanirudishia.

Nina duka la vyakula vya mifugo pale Voi. Nauza pumba za ngano, mashudu ya pamba na chumvi ya ng'ombe, na wateja wangu wote wanajua kwamba nina mdomo. Mtu akija kuniambia anawapa wanyama wake mabua makavu vile yalivyo, au magunzi ya mahindi, au makapi ya mkonge moja kwa moja kutoka shimoni, nitamfokea mbele za watu. Kata, namwambia. Loweka. Chambua. Changanya na kitu kibichi. Akinijibu kwamba ng'ombe ana matumbo manne, namwambia ndiyo, manne, lakini hakuna hata moja lenye makasi. Wanacheka, wanafikiri ni maneno ya biashara. Sijawahi kumwambia hata mmoja wao habari za Krismasi.

Kwetu ni Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Mwaka ninaousema mvua ziliruka, na zile zilizofuata zikaruka tena, mpaka ardhi ikawa nyekundu na tupu kama sakafu. Ndovu walitoka mbugani wakaja kuvunja matangi ya maji. Kondoo walikula maboksi. Nilimwona kwa macho yangu kondoo wa jirani yetu Mwakio akitafuna jalada la daftari langu la hesabu, nami nikamwachia, nikijua mwalimu hatanipiga kwa sababu ya kondoo mwenye njaa. Alinipiga. Mama alikuwa amepanda Wusi, kwao milimani, kuomba mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe kwa ndugu zake. Tukabaki nyumbani baba, mimi, na shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyerudi kutoka kwa mumewe bila mtoto na akawa anaishi kwenye kijumba kando ya zizi letu, akisuka vikapu.

Na tulikuwa na Krismasi. Huyo alikuwa ng'ombe wetu, mweupe mwenye kidoa cheusi shavuni, aliyezaliwa asubuhi ya sikukuu hiyo wakati sisi tuko kanisani. Baba aliwahi kuwa na ng'ombe wengi, akabaki na huyo. Mimi ndiye niliyemchunga, na nilimpenda kuliko nilivyowapenda watu wengi. Hilo silionei haya hata leo.

Baba alikuwa mtu wa kupenda kusikika. Akiingia mahali, lazima mjue ameingia. Yeye ndiye aliyepata habari kwamba kule bondeni, kwenye shamba kubwa la mkonge, makapi yanatupwa bure, na kwamba ng'ombe wa wafanyakazi wa kule wanayala na wamenawiri. Aliita watu, akazungumza, wakachanga, likapatikana lori. Siku ya kwenda alinipakia mbele katikati yake na dereva, kwa vile nyumbani nilikuwa namsumbua shangazi.

Nakumbuka kelele za mashine. Majani ya mkonge yaliingia upande mmoja, nyuzi ndefu zikatokea upande mwingine zikapelekwa kuanikwa, nyeupe, safi, na uji wa kijani ukatiririka mtaroni hadi kwenye mashimo. Uji huo ndio makapi. Ulinuka vibaya mpaka nikafunika pua kwa gauni. Mfanyakazi mmoja mwenye gambuti alikuwa akisaidia kupakia, na alipoona tunachota kwenye shimo la juu akamsogelea baba.

"Mzee, hii ya hapa haijachekechwa," akasema. "Imejaa nyuzi fupi. Mkifika huko toeni nyuzi kwanza, muanike, halafu muwape kidogo kidogo na majani mengine. Tumbo la ng'ombe haliwezi kusaga kamba."

"Tumesikia, tumesikia," baba akajibu. Dereva alikuwa akipiga honi.

Nami nilisikia, na nilielewa vizuri sana, kwa akili zangu. Nyuzi zitolewe kwanza: kwa hiyo nyuzi ni za shangazi. Nilifurahi kwamba hata mtu wa mbali vile, mwenye gambuti, alijua kwamba nyumbani tuna msusi ambaye kiangazi kimemkosesha mkonge.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa uani kwetu na magunia yao. Wanawake walipiga vigelegele. Baba alipanda juu ya lile lundo bichi kama mwanasiasa, akafungua mdomo, na kabla hajasema lolote watu walikuwa wameshavamia, wanachota kwa mikono, kwa karai, kwa shuka. Alisema tu, "Chukueni, chukueni, itatosha wote!" Habari ya nyuzi haikutoka. Ameniambia ukubwani kwamba iliishia hapa, akanionyesha kooni. Watu waliongoja tangu alfajiri, angewaambiaje kwamba chakula bado si chakula? Na hayo majani mengine ya kuchanganyia wangeyatoa wapi?

Mimi nilikimbia kwa shangazi. "Umeletewa nyuzi!" nikamwambia. Akaja na debe la maji, akaangalia lundo, akaingiza vidole, akacheka. Tangu siku hiyo kila asubuhi alikaa ukingoni mwa lundo, anachambua, anasuuza, anasokotea pajani. Waliokuja kujaza magunia walimpita wakimsalimu, naye aliwajibu huku mikono yake ikiwa ndani ya chakula cha ng'ombe wao.

Wanyama walikula kwa fujo. Baada ya muda matumbo yakaanza kujaa, na kijiji kikapumua. Krismasi alivimba kushinda wote, tumbo likawa la duara, limetuna upande wa kushoto, na mimi nikajua. Nilimwendea baba.

"Krismasi ana mimba?"

Baba alikuwa ameuegemea uzio wa zizi, anamtazama.

"Eeh," akasema. "Ndiyo. Ana mimba."

Nilianza kuweka sikio ubavuni mwake kila jioni kumsikiliza ndama. Sikusikia kitu, lakini sikuwa na wasiwasi, maana nilifikiri ndama hulala sana. Sikuona kwamba mifupa ya mgongo wake ilikuwa imetokeza. Sikuona kwamba ameacha kucheua, kwamba anasimama tu anasaga meno, na kwamba samadi zizini imekuwa haba. Leo naweza kumweleza mteja yeyote kwamba ng'ombe anaweza kufa njaa tumbo likiwa limejaa pomoni. Siku zile niliona tumbo kubwa nikahesabu baraka.

Kondoo wa Mwakio walianza kufa, wadogo kwanza. Kisha akalala fahali wake, asubuhi moja akawa amekufa. Mwakio alikuwa jirani mpole, mwimbaji wa kwaya, mtu aliyewahi kunibeba mgongoni nilipoumwa na nge. Watu walikusanyika kwake kumchuna fahali ili angalau ngozi isipotee, na mimi nikaenda kutazama, kwa sababu nilipenda kutazama mambo.

Lazima niseme jambo moja kuhusu kwetu. Sisi ni Wakristo, Jumapili kanisa linajaa. Lakini wazee wetu walisoma matumbo ya wanyama. Mbuzi akichinjwa, mtu anayejua aliutandaza utumbo akautazama, akasema kama mvua iko, kama safari ni njema, kama nyumbani kuna mtu mbaya. Siku hizi tunasema tumeacha. Ila tumbo la mnyama likipasuliwa, shingo zote bado zinarefuka, na hakuna anayeangalia kwa jicho la kawaida.

Basi tumbo la fahali lilipopasuliwa, likatoka donge. Lilikuwa limelowa, la rangi ya kahawia kama lililotiwa rangi, na nyuzi zake zilikuwa zimepindana, zimeshikana, zimezungushana kabisa. Mwakio alilichukua kwa mikono miwili.

"Hii imesokotwa," akasema.

Kisha mwanamke mmoja akauliza, "Na hapa kwetu nani anasokota?"

"Si tumemuona jamani!" mwingine akadakia. "Kila siku asubuhi mikono iko kwa makapi yetu. Kila siku!"

Hakuna aliyetaja jina. Walianza kutembea, halafu wakaanza kukimbia, na mimi nikakimbia mbele yao nikiwa na furaha, nikidhani wanampelekea shangazi donge ili awafumulie, kwa vile yeye ndiye fundi.

Alikuwa amekaa palepale ukingoni, miguu ameinyosha, uzi uko pajani. Mwakio hakumsalimu. Alimpiga teke la kifua, shangazi akaanguka chali juu ya makapi. Nilisikia pumzi ikimtoka kwa sauti ambayo sijaisahau.

"Umefunga ng'ombe wangu kamba tumboni! Sema! Umetumwa na nani?"

"Mwakio, mimi? Mimi nimekukosea nini?"

Wa pili alikuwa na fimbo ya kuchungia. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyekuwa akinunua vikapu vyake. Huyo alimshika nywele akamwinua ili wengine wampate vizuri. Walimpiga mgongoni, wakampiga mbavuni, wakampiga mikono, hasa mikono. Mtu mmoja alikuwa akirudia, "Vidole! Vunjeni hivyo vidole!" Walimfunga kwa kamba aliyokuwa akiisokota mwenyewe, bado mbichi. Nilipiga kelele, mtu akanisukuma, nikaanguka kwenye debe la maji.

Baba alikuwa zizini. Alitoka mbio, na Mwakio akamrushia lile donge miguuni.

"Angalia kazi ya dada yako!"

Nilimtazama baba nikingoja. Baba yangu mwenye sauti, baba yangu wa kupanda juu ya malundo na kuhutubia. Alilitazama lile donge, na uso wake ukabadilika rangi. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliketi, wakati wanampiga dada yake! Nilimchukia hapo hapo, chuki nzima nzima ya mtoto.

"Ndugu yangu," shangazi akamwambia. Damu ilikuwa imemfunika jicho moja. "Sema kitu."

Baba hakusema.

Mwakio aliliokota donge tena akalichana kipande. "Kama ni chakula si ule basi? Kula! Kula ulichowapa ng'ombe wetu!" Akamkandamizia mdomoni zile nyuzi zilizotoka tumboni mwa mnyama aliyekufa, zikiwa na maji yake yote, na wengine wakamshika taya. Alitapika, wakamrudishia. Nyuma yao mtu aliuliza mafuta ya taa yako wapi, kama anayeuliza kiberiti cha kuwashia jiko, na mwingine akaenda kuyaleta.

Nafikiri kusikia mafuta ndiko kulikompa shangazi nguvu. Alitema, akatema tena, kisha akasema kwa sauti iliyosikika kwa wote:

"Mpasueni Krismasi."

Aliyekwenda kuleta mafuta akageuka.

"Krismasi amekula makapi hayo hayo, na ni ng'ombe wa nyumba hii. Maziwa yake ndiyo nakunywa. Ningemfunga kamba wangu mwenyewe? Mpasueni. Mkikuta tumbo lake ni safi, nichomeni."

"Na kama ni safi kweli?" Mwakio akauliza.

"Si nimesema mnichome!"

"Krismasi hapana," baba akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza, na yalitoka kama ya mtu mwingine.

"Mnaona?" mtu akasema. "Hata ndugu yake anamuogopa."

Shangazi aligeuza lile jicho lake zima. "Kati yangu na ng'ombe," akamwambia baba, "unafikiria?"

Miaka mingi niliamini kwamba baba alikuwa akimlilia Krismasi na ndama wake. Niliamini alimpenda mnyama kuliko dada yake, na kwa kuwa hata mimi nilimpenda hivyo, nilikuwa karibu kumsamehe. Sikujua kwamba baba alikuwa akipima kitu kingine. Alijua kilichokuwa ndani ya Krismasi. Alijua tangu siku aliponijibu "ndiyo, ana mimba". Kamba tumboni mwa fahali wa Mwakio ilikuwa uchawi wa dada yake. Kamba tumboni mwa ng'ombe wetu ingekuwa makapi tu, na makapi yalikuja kwa lori lake.

Aliinuka. Akaenda kwenye kuni akachukua shoka. Kutoka kwenye kuni kwenda zizini, njia ilipita pale alipokuwa amefungwa shangazi, na nilipomwona akienda upande huo na shoka mkononi nilijua anakwenda kummaliza. Nilimrukia. Nikamuuma mkono kwa nguvu zangu zote, nikasikia ladha ya damu, na baba akanirusha kwa kiwiko. Jino langu la mbele, la ukubwani, liliruka likaingia kwenye makapi. Pengo hili ninalofunika kwa mkono nikicheka ni la siku hiyo.

Hakusimama kwa shangazi. Alifungua zizi, akamtoa Krismasi, ambaye alikuja polepole kwa uzito wa tumbo lake. Alimpiga kwa kisogo cha shoka kwenye paji la uso. Krismasi hakuanguka. Alimtazama. Baba alipiga tena huku akilia kwa sauti, akapiga tena, magoti ya mbele yakakunjika, na mtu wa kwa Mwakio akaja na kisu akamaliza shingo. Damu ilitapakaa hadi kwenye lundo. Watu waliokuja kuua mtu walisaidiana kumgeuza ng'ombe, kwa ustadi, kama siku ya harusi.

Baba mwenyewe ndiye aliyepasua. Nilijipenyeza mbele, mdomo umejaa damu, kwa sababu nilikuwa namtafuta ndama. Nilifikiri labda yu hai. Nilifikiri nitamlea kwa chupa. Tumbo kubwa lilipochanwa, hewa mbaya ikatoka na maji ya kijani, baba akaingiza mkono hadi kwapani, akavuta, na kilichotoka hakikuwa na miguu. Kilikuwa donge, kubwa kuliko la fahali. Akaingiza mkono tena akatoa jingine. Nikauliza, "Ndama yuko wapi?"

Baba alipiga magoti na madonge yale mbele yake.

"Niliambiwa," akasema. "Kule shambani niliambiwa nitoe nyuzi kwanza. Ng'ombe hawezi kuzisaga. Niliambiwa na sikuwaambia."

Hapo nilijifunza kwamba umati hauna haya. Hawakuangalia chini. Hawakumwendea shangazi kumwomba radhi. Waliachia kamba yake kama mtu anayeachia kitu alichokosea kuchukua sokoni, na fimbo zote zikageuka. Mwakio alikuwa wa kwanza kusogea. Kondoo wake, fahali wake, na sasa aibu ya kumpiga mwanamke asiye na hatia, vyote vilikuwa mkononi pamoja na ile fimbo.

"Mwakio." Shangazi alikuwa amesimama. Sijui alisimamaje. "Lete hiyo fimbo."

"Mama, kaa kando."

"Nimesema lete. Huyu ni wangu. Mmenipiga mimi kwa ajili yake, nyinyi mmepigwa na nani? Lete!"

Akampa. Na shangazi yangu, aliyenilisha, aliyenisuka nywele, akampiga mdogo wake. Alimpiga kichwani, mabegani, usoni. Alimpiga kwa mikono yote miwili, vidole vyake vimevimba kama mihogo. Baba hakujikinga mpaka fimbo ilipomlenga sikio, ndipo akainua mkono wa kushoto, ule niliouuma, nikasikia mfupa ukikatika. Shangazi hakuacha. Alikuwa akipiga na kutukana, matusi ya Kidawida, lugha ya kwetu, ambayo sikujua kama anayajua, povu la nyuzi bado limemganda kidevuni.

"Basi mama, basi," mtu akasema. "Utaua."

"Nitaua ndiyo! Nani ananizuia?"

Na wao ndio waliomzuia. Yule mwanamke aliyemshika nywele alimshika kiuno. Mwakio, Mwakio mwenyewe, alilala juu ya baba kumkinga, akapokea fimbo mbili tatu mgongoni akipiga kelele, "Muhurumie, ni ndugu yako! Muhurumie!" Waliohitaji mafuta ya taa walikuwa sasa wanabembeleza, wanaleta maji, wanatafuta vijiti vya kumfungia baba mkono. Hakuna aliyemgusa baba tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Mama alifika jioni kutoka Wusi, na mzigo wa mabua kichwani, mengi, mazuri, na kifurushi cha maganda ya maharagwe kwapani. Alikuta nyama ya Krismasi imetandazwa juu ya majani, watu wanagawiwa kila nyumba fungu lake, shangazi ndiye anayeamuru nani apewe nini, donge moja la Krismasi liko kando yake, limefungwa kwa leso. Mama alisimama na mzigo wake kichwani muda mrefu. Hakukuwa tena na wa kumpa.

Siku zilizofuata kijiji kizima kilikaa uani kwetu kuchambua makapi. Walianika, walipepeta, waliyachanganya na mabua ya mama waliyoyakatakata kwa panga. Wanyama wengine walikufa, wengine wakacheua tena. Shangazi aliwaonyesha jinsi ya kuvuta uzi bila kupoteza rojo, kwa maneno tu, maana vidole vilikuwa vimefungwa. Nao walimwita mama, mama, kila baada ya neno. Nilikuwa nawaangalia na hasira inanichemka. Inanichemka hata sasa ninapoandika.

Lakini hasira kubwa niliiweka kwa shangazi. Baba alikuwa mwongo, sawa, lakini nilimwona akipigwa akiwa amepiga magoti, na niliona ni nani aliyempiga. Sikula tena chakula cha shangazi. Alipotaka kunisuka nilikwenda kwa jirani. Kilichonichanganya ni kwamba baba alikula. Kila jioni alikwenda kuketi mlangoni pake, mkono uko kwenye kitambaa, naye akamlisha ugali, tonge kwa tonge, kwa vidole vile vibovu. Nilifikiri baba anamwogopa.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa, na sikuelewa kwa kuambiwa. Kijana mmoja alikamatwa Voi sokoni kwa wizi, watu wakamzunguka na mawe, na mama yake akapenya akaanza kumcharaza kwa mwiko mbele yao, kwa nguvu, mpaka wenyewe wakamwambia basi mama, inatosha. Nilisimama mlangoni mwa duka langu na pumba mikononi. Jioni ile ile nilipanda gari kwenda Makwasinyi, nikaingia kwa shangazi bila hodi, nikala alichonipakulia.

Sikumwuliza. Tulizoea kutouliza. Nilimwuliza mwaka huu tu, alipokuwa hajiwezi tena kitandani na mimi ndiye ninayemnawisha.

"Shangazi, siku ya Krismasi. Ulimpiga baba ili umwokoe?"

"Fimbo za mwanzo zilikuwa zangu," akasema. "Aliketi juu ya ndoo, mwanangu. Uliona alivyoketi. Zile nilizipiga kwa roho yangu yote. Za mwisho ndizo zilikuwa za kumwokoa."

"Na ile iliyovunja mkono?"

Uso wake ulikuwa ukitafuta kweli, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu.

"Hiyo hata mimi sijui," akasema, kisha akaniomba nimgeuze upande wa pili, maana ule ubavu waliomvunja siku ile ulikuwa bado unamuuma.